Mwanangu, tazama ncha ya bawa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza utamtambuaje shakwe chotara katika kundi lililosimama ukingoni mwa barafu, pale Ziwa Michigan. Anza na wa kawaida. Larus smithsonianus (jina la kitaalamu la shakwe aliye wengi zaidi huko Amerika ya Kaskazini) ndiye kipimo chako: mgongo wa kijivu hafifu, miguu ya waridi, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Mzoee katika kila umri, maana huchukua kama miaka minne kupata manyoya ya utu uzima, na kila mwaka huja na sura nyingine. Ukishamzoea, mgeni hujitokeza mwenyewe.

Nenda siku ya mawingu. Jua kali huufanya mgongo uonekane mweupe kuliko ulivyo, na ndege akigeuka kidogo tu, kijivu chake hubadilika. Linganisha wale walioelekea upande mmoja. Darubini ya kusimikwa, yenye kukuza mara 30, inatosha. Ukizidisha hapo, hewa inayotetemeka juu ya barafu itakuharibia picha.

Chotara wa kujifunza kwanza ni mtoto wa smithsonianus na yule mkubwa mweupe wa Aktiki, Larus hyperboreus. Watazamaji humwita shakwe wa Nelson. Akiwa mzima, mwili na mdomo vinafanana na vya mweupe, lakini ncha za mabawa zina kijivu au weusi uliofifia mahali ambapo hyperboreus halisi ni mweupe kabisa. Akiwa katika baridi yake ya kwanza, mdomo ni wa waridi wenye ncha nyeusi iliyokatika wazi, ila bawa lina hudhurungi na mkia una utepe hafifu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakamwita shakwe wa Thayer. Huyo wa Thayer, ambaye tangu 2017 wataalamu wa Marekani wamemweka ndani ya spishi ya shakwe wa Iceland, Larus glaucoides, ni mdogo zaidi, ana kichwa cha mviringo na mdomo mwembamba, na akiwa mchanga mdomo wake huwa karibu mweusi wote. Subiri ajinyooshe. Unyoya mrefu wa ncha ya bawa lake una upande wa nje mweusi na upande wa ndani mweupe, kwa hiyo bawa lililofunguka huonyesha mistari, na chini yake ni jeupe. Ukimwangalia amekunja bawa tu, utakuwa unabahatisha.

Mwingine ni mtoto wa smithsonianus na Larus marinus, mwenye mgongo mweusi. Mgongo wake huwa wa kijivu kizito cha katikati, na kwa haraka utasema ni Larus fuscus, shakwe mwingine mwenye mgongo wa kijivu kizito. Tazama miguu na umbo: fuscus mzima ana miguu ya manjano, ni mwembamba, na mabawa yake hupita mkia kwa mbali. Chotara huyu ana miguu ya waridi, kifua kipana na mdomo mnene.

Kuna mitego miwili ninayotaka uiogope kweli. Mwishoni mwa baridi, manyoya ya shakwe mchanga huchakaa na kupauka hata smithsonianus akaonekana mweupe. Angalia kama kingo zimechanika na kama mdomo umebaki mweusi. Na kabla ya Januari, baadhi ya shakwe wazima bado wanaotesha manyoya ya mwisho wa bawa, hivyo muundo wa ncha unakudanganya kwa sababu unyoya wa nje kabisa haujafika urefu wake.

Usimpe jina kwa alama moja. Piga picha mfululizo anaporuka, upate bawa juu na chini, halafu mgongo ukiwa kando ya smithsonianus. Alama zikigongana, andika "chotara anayedhaniwa" pamoja na wazazi unaowashuku, na uniletee picha zote, hata zilizotetemeka.

Mama yako