Barua kwa mwanangu: njoo na nyumba yako, pa kuiweka nitakuonyesha

Mwanangu kipenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Ngomeni hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi kwamba Desemba mnakuja. Mara ya pili ndipo nikasikia kwamba mmenunua gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, na mtalala humo, ufuoni, "tusikusumbue, mama." Mara ya tatu nilisikiliza nimekasirika.

Kunisumbua? Chumba chako nakifagia kila Ijumaa. Lakini dada yako kanituliza, akasema siku hizi watu ndivyo watembeavyo, nyumba mgongoni kama kobe. Haya. Njoo na nyumba yako. Ila usithubutu kuilaza mchangani.

Kaskazi iliyopita walikuja wageni wawili, mume na mke, na gari kama hilo lako. Walifika saa nne asubuhi, maji yamekupwa, mchanga mweupe, mgumu, wakaona wamepata. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake wa jarife akawaambia wasogee juu. Wakamshukuru, wakatandaza viti vyao palepale, wakaanika nguo, kisha wakakodi mashua kwenda kuitazama ile mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi, kule baharini. (Tangu 1988 hairushi kitu, lakini wageni bado wanaitaka. Wajukuu wangu wakiuliza, waambie hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina hilo.)

Nao walikuja mwezi ukiwa mpevu, wa siku kumi na tano. Wewe umekulia hapa, bamvua unaijua, ila mji husahaulisha. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda zaidi ya mita 3, na safari hiyo yote huimaliza kwa saa 6 hivi. Kufika saa tisa alasiri maji yanalamba magurudumu, na wenye ufunguo wako baharini. Tuliokoa viti. Tukaanua nguo. Gari tukabaki kulitazama.

Waliporudi, yule bwana akakanyaga mafuta, na kila akikanyaga, gurudumu linachimba, gari linakaa kitako zaidi. Lilivutwa na wavuvi kwa amari, ile kamba nene ya nanga, wakipokezana wimbo kama wanavyopandisha mashua, maji yamewafika kiunoni. Mkewe alikuwa barazani kwangu, kajifunika leso yangu, anakunywa chai ya tangawizi na kutetemeka, wala hakukuwa na baridi. Kesho yake akanipa kikaango kisichoshika chakula. Nakipikia vibibi mpaka leo, na kweli hakishiki.

Kwa hiyo wewe utaegesha nyuma ya nyumba, chini ya mkwaju. Ardhi ya pale ni ngumu, nimepita mwenyewe na mchi nikaigonga. Usiniambie kivuli cha minazi ni kizuri zaidi. Nazi ikianguka haiulizi paa ni la nani. Mlango uelekeze baharini, upepo wa kaskazi utaingia moja kwa moja, feni hutaihitaji. Na hiyo jenereta uliyoitaja iache hukohuko Nairobi. Watu hapa wakishaswali isha wanalala, na kabla ya alfajiri wako majini.

Maji jaza tangi Malindi kabla hujavuka mto Sabaki, kwa sababu kisima chetu ni kilekile, chai yake haihitaji chumvi. Na uchafu wa hicho choo cha gari usije ukaumwaga mikokoni gizani ukadhani hakuna anayeona. Ndiko kamba wanakokulia, na kamba ndio waliokulipia karo. Ami yako atakuchimbia shimo mbali na kisima.

Ukikata kulia pale Gongoni, nenda polepole. Barabara ya kwenye mashamba ya chumvi ina mawimbi kuliko bahari, na vyombo vya mkazamwanangu vitapasuka humo kabatini. Ukishafika, kabla ya kufungua hata dirisha, nenda kawape wazee shikamoo pale bandani. Wasije wakaniuliza, yule aliyepita na nyumba ni mwanao au ni mtalii?

Samaki msinunue njiani. Mashua zikirudi nitawachagulia samaki aina ya changu wakingali wabichi, macho maangavu. Watoto walale garini wakitaka, nimeshasikia wanavyolisifu. Jiko la gari lichemshe uji wao, basi. Samaki wa kupaka napika mimi, kwa makaa, na mtakula ukumbini kwangu, kwenye mkeka.

Ukifika Gongoni nipigie, nianze kukuna nazi.

Mimi mamako