Mheshimiwa, hatuchagui kazi, nauli ndo hatuna

Mheshimiwa unayesimamia ajira za vijana huku kwetu, shikamoo. Natumaini hujambo na familia haijambo, sisi wa Chanika, huku pembeni mwa Dar, tupo tunapambana.

Juzi kikaoni ulishika maiki ukasema ajira zipo ila vijana wanachagua kazi. Watu wakapiga makofi, si unajua tena soda zilikuwa bado hazijagawiwa. Mimi nilikuwa viti vya nyuma na bahasha yangu ya vyeti, nimejitahidi kunyamaza nimeshindwa.

Tuanze na huko kuchagua. Kwa kipimo cha ILO, shirika la kazi duniani, ukifanya kazi ya malipo hata saa 1 ndani ya wiki unahesabiwa una ajira. Kwahiyo mimi niliyesimama saa 11 alfajiri kwenye geti la kiwanda huko Vingunguti, msimamizi ananyoosha kidole "wewe, wewe, na wewe wa kofia", nikabeba viroba mpaka mchana nikalipwa mkononi, nina ajira. Deiwaka lakini nina ajira, hongera kwangu.

Wiki iliyopita nikaitwa kwa meseji usaili Posta, katikati ya mji, saa 2 asubuhi. Hapo nishalipia barua ya utambulisho serikali ya mtaa, nakala za vyeti zimegongwa muhuri wa wakili, picha za pasipoti, halafu daladala mpaka Gongo la Mboto, nashuka napanda nyingine. Nafika mlinzi ananionyesha karatasi imebandikwa getini, usaili umeahirishwa mpaka mtakapojulishwa. Nauli yenyewe nilimkopa mama ntilie na kila nikipita ananikoholea.

Kuna mchumi anaitwa Simon Franklin alifanya utafiti Addis Ababa, vijana wanaokaa mbali na mjini wakachaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa nauli tu, waende katikati ya mji kwenye mbao za matangazo ya kazi. Matokeo yalichapishwa 2018, waliopewa nauli walitafuta kazi kwa nguvu zaidi na wakapata ajira za kudumu kwa wingi kuliko wenzao. Sasa nauliza, kabla ya hiyo nauli walikuwa wanachagua kazi? Tena utafiti mwingine wa hukohuko uliotoka 2021 ulikuta faida ya nauli haidumu, ila waliofundishwa kuandika maombi na kujieleza kwenye usaili, wakapimwa ujuzi wakapewa na cheti, miaka 4 baadaye walikuwa na kipato kizuri kuliko wenzao. Hiyo nayo inahitaji mfadhili? Ukumbi wa kata upo, umefungwa kufuli.

Na uliahidi dawati la ajira kila kata mheshimiwa, kwa mdomo wako. La kwetu lipo, siwezi kusema uongo, meza ipo na kiti kipo, wa kukikalia ndo hatujamwona. Nahisi waajiri wenyewe wanajuana hukohuko mjini, nafasi inaisha kwenye magrupu ya WhatsApp kabla tangazo halijabandikwa.

Naomba hilo dawati lipate mtu, hata siku mbili kwa wiki, matangazo yabandikwe hapa, usaili wa kwanza ufanyike hapahapa ukumbini. Hayo yote yakishindikana basi usaili ukiahirishwa tuambiwe kabla hatujapanda gari. Kutuita mlituita kwa meseji, na kuahirisha tumeni meseji. Meseji tu mheshimiwa.