Tujenge darubini ndogo ya kufuatilia vibete vyeupe

Mhariri,

Kila astronomia inapotajwa katika magazeti yetu, mazungumzo huelekea kwenye mitambo mikubwa: ushiriki wa Kenya katika mradi wa darubini ya redio ya SKA, au mpango wa kuigeuza sahani ya zamani ya mawasiliano kule Longonot iwe ya kupokea mawimbi ya redio kutoka angani. Siipingi mipango hiyo hata kidogo. Ninachoomba kupitia safu hii ni kwamba vyuo vikuu vyetu, pamoja na wanaosimamia masuala ya anga za juu serikalini, wafikirie pia darubini ya kawaida yenye kioo cha kati ya nusu mita na mita moja, ijengwe karibu na ikweta, na ipewe kazi moja mahususi ya kupima mabadiliko ya mwangaza wa nyota ziitwazo vibete vyeupe.

Kibete cheupe ni masalio ya nyota iliyomaliza fueli yake ya nyuklia. Jua letu litaishia hivyo baada ya miaka bilioni kadhaa, na nyota nyingi mno za Njia Nyeupe zina mwisho huohuo. Masi inayozidi nusu ya masi ya Jua husongamana katika tufe linalokaribiana na Dunia kwa ukubwa, kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai cha mata yake kingekuwa na uzito wa tani kadhaa. Hata Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina mwenzake wa aina hii, ingawa huyo hapigi mapigo ninayotaka kuyazungumzia. Ndani ya kibete cheupe hakuna tena tanuri linalowaka; nyota inapoa tu, polepole, kwa mabilioni ya miaka.

Katika kupoa huko kuna kipindi ambacho joto la uso wake hufikia takribani nyuzi 11,000 hadi 12,000, na hapo tabaka la nje la haidrojeni huanza kuzuia na kuachilia joto kwa namna inayoitikisa nyota nzima. Sehemu za uso hupata joto zaidi huku nyingine zikipoa, kisha hali hugeuka, na mwangaza hupanda na kushuka kila baada ya dakika chache. Mwanaastronomia wa Marekani, Arlo Landolt, ndiye aliyeyatangaza mabadiliko hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1968, baada ya kuiona nyota HL Tau 76 katika kundinyota la Ng'ombe ikibadilika kwa mzunguko wa dakika 12 na nusu hivi.

Umuhimu wa mapigo hayo ni kwamba yanatoka ndani. Mnunuzi huitikisa nazi karibu na sikio ili ajue kilichomo bila kuivunja, na wanaastronomia nao huyatumia mapigo ya nyota kujua masi yake, unene wa tabaka lake la haidrojeni au heli, na kasi inayojizungusha nayo. Lakini kibete kimoja huwa na mapigo mengi kwa pamoja, na kuyatenganisha kunahitaji vipimo visivyokatika. Jua linapochomoza, kituo kimoja hulazimika kufunga kazi, na pengo hilo la mchana linalojirudia kila saa 24 huingiza katika hesabu masafa ya uongo (masafa ni mara ngapi pigo hujirudia kwa muda fulani), ambayo hayatofautishiki kwa urahisi na yale ya kweli.

Dawa yake ilipatikana mwaka 1986, wakati Ed Nather na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walipoanzisha mtandao walioupa jina la Darubini ya Dunia Nzima. Vituo vya mabara mbalimbali hukubaliana kuitazama nyota moja kwa zamu: kunapokucha Texas, Hawaii huendelea, Hawaii ikifunga, kazi huchukuliwa na Australia, kisha India, Afrika Kusini na kwingineko, hadi mzunguko urudi ulikoanzia. Mwaka 1989 waliifuatilia hivyo nyota PG 1159-035 iliyo katika kundinyota la Mashuke, wakakusanya saa 264 za vipimo vilivyokaribia kutokuwa na mapengo, na ndani yake wakatambua masafa 125 tofauti. Kutokana na masafa hayo walipata masi ya nyota hiyo, 0.586 ya masi ya Jua, na wakajua kwamba inajizungusha mara moja kwa siku 1.38. Hakuna darubini moja, hata iwe kubwa kiasi gani, ambayo ingeweza kuyapata hayo ikiwa peke yake ardhini.

Barani Afrika, mzigo wa kazi hii kusini mwa Sahara umebebwa na kituo cha Sutherland, Afrika Kusini, nacho kimeubeba kwa heshima kubwa. Hata hivyo Sutherland iko nyuzi 32 kusini mwa ikweta, na mahali ilipo panaamua inachoweza kukiona vizuri. Chukua kibete G117-B15A, katika kundinyota la Simba Mdogo, nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia. Pale Sutherland, hata kikifika juu kabisa, hakivuki nyuzi 22 hivi kutoka upeo wa macho, na nuru yake hupita katika hewa nzito inayoharibu vipimo. Nanyuki kingefika nyuzi 55. Sasa chukua BPM 37093, katika kundinyota la Kantarusi, ambacho ni kizito kiasi kwamba sehemu kubwa ya kiini chake inakadiriwa kuwa imeganda na kuwa fuwele. Hicho kiko karibu nyuzi 50 kusini, kwa hiyo vituo vya Ulaya havikioni kabisa au hukiona kikigusa upeo wa macho. Kwetu kingefika nyuzi 40. Mahali panapoweza kuvihudumia vibete vyote viwili kwa darubini ileile si pengi duniani, na sisi tumepewa mojawapo.

Mvua ni kikwazo cha kweli, na sitaki kuificha. Masika yangetuzuia kukifuatilia BPM 37093 wakati wake mzuri, mwezi wa Aprili na Mei, na tungelazimika kukitafuta alfajiri za Februari na jioni za Juni na Julai. Lakini G117-B15A kinakuwa juu usiku katika Januari na Februari, ambao ndio ukame wetu.

Kibete hicho ndicho hasa kinachonifanya niandike. Pigo lake kuu huchukua sekunde 215, na wanaastronomia wa Texas, na baadaye wa Brazili, wamekipima tangu mwaka 1974. Wamegundua kwamba pigo hilo hurefuka kwa kiasi kidogo mno, sekunde moja tu kwa miaka milioni kadhaa, na kurefuka huko ni ishara ya nyota kupoa mbele ya macho yetu. Saa nyingi tulizotengeneza wanadamu hazina uthabiti huo. Kwa kuwa kinaonekana kupoa upesi kuliko nadharia inavyotabiri, wanafizikia wanakitumia pia kuwekea mipaka chembe za kinadharia ziitwazo aksioni, ambazo zikiwepo zingekuwa zinabeba nishati kutoka ndani ya nyota. Matokeo haya hayakutokana na kioo kikubwa. Yalitokana na watu kurudi kwenye nyota ileile mwaka baada ya mwaka.

Kazi yenyewe usiku inahitaji umakini zaidi kuliko fedha. Kamera hupiga picha kila baada ya sekunde kumi hivi, na kila picha hupewa muda sahihi kutoka kwenye saa ya GPS. Kibete hakipimwi peke yake: katika picha ileile huchaguliwa nyota jirani isiyobadilika, na mwangaza wa kimoja hugawanywa kwa wa nyingine, ili wingu jepesi linapopita lizipunguze zote mbili sawasawa na athari yake ifutike. Baada ya nusu saa mstari huanza kuonekana kwenye kompyuta, ukipanda na kushuka. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa fizikia anaweza kufundishwa hayo yote, na Chuo Kikuu cha Nairobi tayari kinatoa shahada ya astronomia.

Wapo watakaosema kwamba setilaiti zimeimaliza kazi hii. Ni kweli kwamba TESS, iliyorushwa mwaka 2018, hupima nyota kwa wiki kadhaa bila usiku wala mchana, lakini kamera zake zina upenyo wa takriban sentimita 10 tu, na vibete vingi ni hafifu mno kwake. Isitoshe, setilaiti huzeeka na kuzimwa, ilhali kipimo kama kile cha G117-B15A kinadai mwendelezo wa miongo. Na nani atasema kwamba wenye darubini ndogo hawagundui kitu? Nyota AR Scorpii, katika kundinyota la Nge, iliorodheshwa kwa miongo kadhaa kama nyota ya kawaida inayobadilika, hadi mwaka 2015 wapenzi wa astronomia wa Ulaya walipoona kwamba mwenendo wake hauelezeki hivyo. Ikabainika kuwa ni kibete cheupe kinachomulika nyota mwenzake kila baada ya dakika mbili hivi, na vipimo vya Afrika Kusini vikasaidia kueleza sababu yake.

Ninawaomba basi wakuu wa idara za fizikia watueleze kupitia gazeti hili kama pendekezo la namna hii limewahi kujadiliwa, na kama lilikataliwa, kwa sababu gani. Ninaziomba pia kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya zitenge mapema mahali penye giza, kabla taa za barabarani na za hoteli hazijapafikia, kwa kuwa darubini inaweza kununuliwa hata baada ya miaka kumi, lakini giza likishapotea hatutalipata tena.

Mwalimu wa Fizikia,
Nanyuki