Barua kwa swahiba: Mzee Tom wa St Andrews

Dundee, Jumapili jioni

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Nimefurahi kusikia mama amepata nafuu ya miguu. Mfikishie shikamoo yangu.

Habari ya kazi yako mpya nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema umekabidhiwa uwanja mzima wa gofu, mashimo yote, na vijana wa kukata nyasi wako chini yako. Halafu unaongeza kwamba pale kijiweni wapo wanaosema jamaa ameacha kucheza, sasa kazi yake kufukuza fuko. Na umeandika kama mtu anayeanza kuwaamini. Hilo limeniuma, ndugu yangu, ndiyo sababu nimekaa leo nikuandikie kwa kirefu.

Nataka nikueleze habari za Mzee Tom Morris. Jina lake unalijua tangu tulipokuwa makedi, tukiwabebea wachezaji fimbo zao. Lakini tulichokuwa tunakijua ni kimoja tu, kwamba alikuwa bingwa wa The Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara nne. Hakuna aliyetuambia kuwa kazi iliyokuwa ikimlisha, tangu akiwa kijana wa miaka thelathini hadi uzee wake, ni hii hii yako. Alikuwa mtunza uwanja. Ubingwa aliupata akiwa kazini.

Alizaliwa St Andrews tarehe 16 Juni 1821, mtoto wa mfuma nguo. Kutoka hapa Dundee ni mwendo mfupi wa basi. Akiwa na miaka 14 aliingia uanagenzi kwa Allan Robertson, mchezaji hodari kuliko wote wa zama zile, ambaye pia alikuwa fundi wa mipira. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi na manyoya ya bata bukini. Fundi anashona vipande vya ngozi, anaacha tundu dogo, kisha anachukua manyoya yaliyochemshwa, ya kujaa kofia ndefu ya bwana mkubwa, anayashindilia ndani ya kile kimfuko kwa chuma alichokiegemeza kifuani. Akimaliza anashona tundu na kuuacha ukauke. Ngozi inasinyaa, manyoya yanatanuka, na mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Kwa siku nzima fundi anatoa michache tu, kwa hiyo bei ilikuwa ya matajiri. Fikiria kijana anashinda hivyo, kifua kimebanwa na chuma, vumbi la manyoya puani.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 ukaja mpira wa gutta-percha, utomvu wa miti ya kule Malaya. Ni rahisi kutengeneza, na ukiharibika unaulainisha kwa maji ya moto na kuufinyanga upya. Robertson aliuona kama adui wa riziki yake. Siku moja Tom akaishiwa mipira katikati ya mchezo, mwenzake akamwazima mmoja wa gutta, naye akaucheza. Habari zikamfikia bosi. Wakatengana, na huo ukawa mwanzo wa maisha yake mwenyewe.

Mwaka 1851 Kanali James Ogilvie Fairlie alimwita Prestwick, pwani ya magharibi ya Scotland, akapewa kazi ya kutengeneza uwanja na kuutunza. Tom alimheshimu sana yule kanali, hata mmoja wa wanawe akampa jina lake. Eneo lilikuwa dogo, limejaa vilima vya mchanga, likatoshea mashimo 12 yanayopishana kama njia za kijijini. Shimo la kwanza lilikuwa la yadi 578. Kwa fimbo za mti na mpira wa gutta! Wewe na mimi tungefika kwenye grini, pale penye nyasi fupi na tundu, tumechoka.

Hapo hapo Prestwick, tarehe 17 Oktoba 1860, ndipo mashindano ya kwanza ya The Open yalipochezwa. Walikuwa wachezaji wanane, mizunguko mitatu kwa siku moja, wakigombea mkanda wa ngozi nyekundu wenye bizimu la fedha. Willie Park wa Musselburgh alimaliza kwa mapigo 174, Tom akawa wa pili kwa 176. Alishindwa kwa mapigo mawili juu ya ardhi aliyoitengeneza kwa mikono yake, na hakuna aliyesikia akilalamika. Mwaka uliofuata akashinda. Akashinda tena 1862 kwa tofauti ya mapigo 13, halafu 1864, halafu 1867 akiwa na miaka 46. Mpaka leo hajatokea bingwa wa mashindano yale mwenye umri mkubwa kuliko huo.

Sasa sikiliza sehemu ninayotaka uisome polepole. Katikati ya ushindi huo, St Andrews wakamwita arudi nyumbani awe mtunza wa uwanja wao mkongwe, kwa pauni 50 kwa mwaka. Vifaa alivyokabidhiwa vilikuwa toroli, sepetu na koleo. Msaidizi alikuwa mtu mmoja, siku mbili kwa wiki. Na ule ulikuwa uwanja unaoheshimiwa kuliko wote duniani! Ukiniambia mashine yenu moja imekufa na vipuri havijafika, mkumbuke yeye.

Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya. Vichaka vya miiba vilikuwa vimeubana uwanja pande zote. Sheria ya zamani ilikuwa kwamba ukishamaliza shimo unaanza linalofuata pale pale, hatua chache tu kutoka kwenye tundu, na mchanga wa kuinulia mpira unauchota ndani ya tundu lenyewe. Kwa hiyo grini zilikanyagwa, zikachanika, matundu yakazidi kuwa mapana na marefu. Tom akafyeka miiba, akapanua njia, akatenga sehemu ya kuanzia mbali na grini. Akajenga grini mpya ya shimo la kwanza na ya shimo la 18. Ile ya 18 sasa shimo lake linaitwa Tom Morris, na duka lake lilikuwa hapo pembeni, ukitoka mlangoni unaiona.

Dawa yake kubwa ilikuwa mchanga. Husimuliwa kwamba akiwa bado Prestwick toroli la mchanga lilimwagika kwenye grini kwa bahati mbaya, na baada ya muda akaona nyasi za pale zimekuwa nzuri kuliko za pembeni. Wengine wangefagia na kusahau. Yeye alijiuliza kwa nini. Tangu siku hiyo alikuwa anatandaza mchanga kila msimu, na msaidizi wake Honeyman aliizoea amri moja: "Mchanga zaidi, Honeyman, mchanga zaidi." Wewe unaijua sayansi yake: mchanga unaziba mabonde madogo, maji yanapita, nyasi zinachipua juu yake zikiwa nzito na fupi.

Nimeigusa grini ya St Andrews kwa kiganja. Jumapili uwanja unafungwa, na kwa kuwa ardhi ni ya mji, kila mtu anaruhusiwa kutembea humo, na mbwa wake na watoto wake. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Pembezoni mwa barabara maji yametuama, lakini kwenye nyasi zile kiganja kilitoka karibu kikavu. Ukibonyeza, chini ni pagumu, halafu panarudi juu taratibu. Nikakufikiria wewe na grini yenu ya shimo la nne, ile isiyokauka mvua ikinyesha.

Hiyo Jumapili nayo ni urithi wa msimamo wake. Wakubwa walitaka kucheza siku saba. Yeye aliwajibu kwamba hata kama wachezaji hawahitaji kupumzika, uwanja unahitaji. Alikuwa mtu wa kanisa, ni kweli, lakini naamini alisema kama fundi. Wewe umeniambia hujapata ujasiri wa kuwaomba wafunge grini hata siku moja kwa wiki. Waombe.

Maisha hayakumhurumia. Mwanawe Tommy alimpita kwa kipaji. Alichukua ubingwa 1868, 1869 na 1870 mfululizo, mpaka ule mkanda wakampa auweke moja kwa moja, na 1871 hakukuwa na mashindano kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kushindania. Akashinda tena 1872. Septemba 1875 baba na mwana walikuwa North Berwick wakicheza dhidi ya ndugu wawili wa Park, ikaja simu ya maandishi kwamba mke wa Tommy yuko kwenye uchungu mgumu. Wakapewa mashua wavuke ghuba. Kabla Tommy hajamwona, mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo Tommy naye akakutwa amekufa kitandani, na umri wake ulikuwa miaka 24. Watu wakasema amekufa kwa moyo kuvunjika. Mzee, kwa maneno yanayosimuliwa, alijibu kwamba kama moyo ungeweza kumuua mtu, yeye mwenyewe asingekuwepo. Mkewe alifariki mwaka uliofuata, na mwishowe akawazika watoto wake wote.

Alifanya nini? Aliendelea kwenda uwanjani. Asubuhi anaogelea baharini, hata msimu wa baridi, na bahari ya huku, swahiba, mimi nimeingiza vidole tu nikakimbia. Kisha koleo mkononi. Mimi nadhani uwanja ndio uliomshika mkono. Sina ushahidi wa hilo, lakini mtu aliyepata kumwagilia nyasi alfajiri akiwa na msiba moyoni atanielewa.

Na katika miaka hiyo ya upweke ndipo alipozunguka kutengeneza viwanja vya wengine. Dornoch, kaskazini kabisa, 1886. Newcastle kule Ireland, uwanja unaoitwa leo Royal County Down, 1889, kwa ada isiyozidi gini 4, yaani pauni 4 na shilingi 4. Muirfield 1891. Lahinch 1894. Hata kisiwani South Uist alifika mwaka 1891, na ule uwanja wa Askernish ukaja kumezwa na nyasi miaka mingi, mpaka ukafufuliwa na kufunguliwa upya 2008. Malipo yake ya kawaida yalikuwa pauni moja kwa siku pamoja na nauli. Hakuwa anahamisha vilima. Alikuwa anatembea, anatazama upepo na mabonde, anachomeka vijiti mahali ambapo ardhi yenyewe ilikuwa inaomba grini. Nakubali kwamba vingi vimebadilishwa sana na waliokuja baadaye, lakini mguu wa kwanza ni wake.

Vijana alifundisha pia. Donald Ross wa Dornoch alikuja kujifunza kwake, kisha akavuka kwenda Marekani akawa mtengenezaji wa viwanja mkubwa kupita wote kule. Uwanja wa Pinehurst nambari 2 ni kazi yake. Grini zake zilizoinuka kama sahani iliyogeuzwa, zikimwaga mpira pembeni, unazikumbuka kwenye ile mechi tuliyokesha kuitazama.

Enzi hizo mchezaji wa kulipwa hakuwa mtu wa kuingia ukumbini na mabwana. Alisimama nje, akasubiri kuitwa. Lakini Tom alipostaafu mwaka 1903, mchoraji mashuhuri Sir George Reid alikuwa ameshamchora, na picha yake iko ndani ya jengo lile lile la mabwana, la klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews. Alifariki 24 Mei 1908 baada ya kuanguka kwenye ngazi za klabu nyingine ya hapo mjini, umri miaka 86. Kaburi lake liko kwenye magofu ya kanisa kuu, karibu na ukuta wenye sanamu ya mwanawe akiwa amejiandaa kupiga mpira. Nilisimama hapo kwa muda na wanangu, nikawaambia nina rafiki anayefanya kazi ya mzee huyu.

Kwa hiyo wale wa kijiweni waache. Ila usiache kucheza. Yeye hakuacha. Jioni vijana wakishaondoka, chukua fimbo zako mbili tatu uzunguke mashimo machache, maana anayecheza ndiye anayeona mpira unaruka vibaya wapi.

Kuhusu shimo la nne, nimeuliza kwa fundi mmoja wa huku. Anasema kabla ya mvua za masika toboa grini yote kwa uma, vidole vya kina, halafu tandaza mchanga wa mtoni uliochekechwa, tabaka jembamba sana, ufagie mpaka uingie kwenye matundu. Urudie baada ya wiki kadhaa badala ya kumwaga mwingi kwa mkupuo. Wa baharini usiuguse kabla haujaoshwa, chumvi yake itakuunguzia nyasi. Na mchanga uwe wa aina moja kila mara, usichanganye wa leo na wa kesho.

Nipigie picha grini hiyo mvua ikishapita, moja ya karibu na moja ya mbali, nimwonyeshe. Shemeji na watoto wasalimie sana, na yule kijana wako mdogo anayependa kuendesha toroli mwambie baba mkubwa wake anamtafutia glavu za saizi yake.

Ni mimi ndugu yako.