Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: koki yako iko wapi?

Wanachama wenzangu, wazee, akina mama na nyinyi vijana mlioachiwa ploti na wazazi, hamjambo. Najua wengi mnataka kuruka moja kwa moja mpaka pale pa pesa, tutafika, lakini mwaka huu naanza na aibu yangu mwenyewe manake ndiyo imebadilisha kazi ya hiki chama chetu cha wenye ploti za kupangisha.

Mwezi wa saba, saa nane usiku, keiteka wangu ananipigia, "Mzee, maji yanashuka kwa ngazi." Nikadhani amelewa. Nafika kwa ploti yangu pale Free Area, hapa Nakuru, na ndala, kumbe ni ukweli, maji yanatoka ghorofa ya pili yanaingia kwa mama mmoja wa chini mwenye mtoto mchanga, godoro limelowa lote, mtoto kabebwa na jirani. Sasa swali likawa moja tu, koki ya kufunga iko wapi? Keiteka hajui. Mimi mwenye ploti, na mwenyekiti wenu juu yake, sijui. Tukapanda kwa tangi tukakuta valvu imeshikana na kutu haizunguki hata kidogo, tukashuka mpaka kwa mita, na hapo ndio nikakumbuka vile nilikuwa naweka kabro, yale matofali ya uani, fundi akaniuliza, "Mzee, haka kachemba ka koki nifunike?" nikamwambia funika, kanakaa vibaya. Basi tulichimbua kabro na jembe la kukopa tukimulikwa na simu. Kufikia hapo tangi la lita 10,000 lilikuwa limeisha. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo hizo ni tani 10 zimepita kwa nyumba za watu.

Kilichopasuka ni paipu ya PPR, ile ya plastiki ngumu. Fundi aliyeniwekea sola ya kupasha maji alitumia paipu ya maji baridi, zile PN10 (hiyo namba ni ya presha paipu inayohimili), mahali pa maji moto palipotaka PN20. Kwa macho zinafanana, tofauti ni maandishi madogo pembeni na ule mstari wa rangi, na maji ya sola siku ya jua kali yanakaribia kuchemka kwa hivyo paipu nyembamba inalegea polepole mpaka siku inaachilia. Na mara nyingi inaachilia usiku, kwa sababu watu wamelala, mifereji imefungwa na presha ya laini imepanda. Huyo fundi sitamtaja, yeye alinipa bei rahisi na mimi ndio niliipenda.

Lakini hasara kubwa haikuwa godoro (nililipa, msiniulize). Wiki mbili baadaye kona ya veranda ikazama. Wenyeji wa Nakuru mnaujua udongo wetu, ni jivu la volkeno, mwepesi kama unga, ukiupitishia maji unaondoka nayo na juu unaona simiti iko sawa kabisa kumbe chini ni pango. Ndio maana hapa paipu inayovuja chini ya ardhi sio mambo ya bili peke yake. Kipimo ni rahisi: usiku, tangi likishajaa, funga mifereji yote na wapangaji wakubali, piga mita picha, asubuhi kabla ya mtu kunawa uso piga ingine. Namba ikisonga, kuna mahali panakula. Kuvuja kabla ya mita ni kazi ya kampuni ya maji, wapigie, usiguse sili yao. Baada ya mita ni yako.

Kutoka hapo kamati ikaamua tuzunguke ploti kwa ploti, na asanteni mliotufungulia geti. Wengine mlijificha, tunawajua.

Tulichokuta zaidi ni shawa za kupasha maji papo hapo. Kuna ploti moja tuliona ndala za raba zimepangwa mlangoni mwa bafu, nikauliza za nini, binti mpangaji akacheka akasema, "Hiyo shawa hupiga shoti, sasa tunaoga na ndala." Anacheka! Jamani. Hiyo shawa inavuta karibu wati 5,500, yaani zaidi ya ampea 22, na fundi ameivutia waya ya milimita 2.5 za mraba, ile ya soketi, swichi imeungua mpaka ikawa kahawia, na waya ya ethi, ile ya kijani na manjano inayopeleka umeme uliopotea ardhini, imekatwa ikafungwa tepi manake "haikuwa na pa kwenda". Ethi ndiyo inaokoa mtu. Waya iwe angalau 4, ikiwa mbali 6, swichi yake iwe ya peke yake nje ya bafu, na pale kwa bodi wekeni ile breka ya milliampea 30 inayokata umeme ukianza kupotea. Tena wengi wetu tunatumia maji ya kisima ambayo yako na chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya mvua, ndio maana madukani kuna shawa ya maji ya chumvi na ya maji ya kawaida, ukinunua ya kawaida kwa sababu ni rahisi umenunua shida. Na anayeifunga awe fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati. Fundi wa paipu aunganishe paipu, waya amwachie fundi wa stima. Yule mwenye ploti ya ndala alibadilisha zote wiki hiyo hiyo, nampongeza, jina nimemfichia.

Jambo la septiki nitasema kwa sauti. Mwezi wa kumi nilipita kwa mwanachama nikakuta kijana ameshavua shati, mguu mmoja uko ndani ya shimo, ati anashuka kuzibua na ndoo kwa sababu eksosta, lile lori la kunyonya maji taka, ni bei. Nilipiga kelele mpaka watu wa kanisa jirani wakatoka. Mle ndani kuna gesi, ile inanuka kama mayai mabovu, na ubaya wake ikiwa nyingi pua inazoea husikii harufu tena, halafu unaanguka. Halafu ndugu yako anaruka kukutoa na yeye anaanguka. Hivyo ndivyo shimo moja linachukua watu wawili watatu. Hakuna mtu kushuka. Ita lori, na mfuniko ukipasuka badilisha siku hiyo, watoto wanacheza hapo juu. Na gata za mvua zisielekezwe kwa laini ya maji taka, mvua ikinyesha kwa nguvu yale yote yanarudi kwa choo cha nyumba ya chini.

Maji ya kunywa nitagusia tu. Visima vya huku vina floraidi nyingi, meno ya watoto wetu ni ushahidi, kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua floraidi inabaki. Peleka maji maabara yapimwe na uwaambie wapangaji ukweli. Kichujio cha mkaa wa mifupa kinasaidia, Dayosisi ya Katoliki hapa Nakuru wamefanya hiyo kazi miaka mingi. Tangi nalo lioshwe, mfuniko ukae, popo na njiwa sio wapangaji.

Upande wa sheria, tangu Nakuru iwe jiji tarehe 1 Desemba 2021 mambo ya "tutaongea" yamepungua. Kisima kiwe na kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, ukiongeza nyumba au choo ramani ipite kaunti kwanza, na fundi wa paipu mwulize cheti chake cha NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, ni gredi gani kabla ya kumwuliza bei. Weka risiti na picha za paipu kabla ukuta haujapigwa plasta. Hizo picha nilikosa mimi.

Pesa sasa. Ile mia tano ya kila mwezi ya mfuko wa dharura inaingia lakini inachechemea, kuna watu wana madeni ya miezi sita na bado ndio wa kwanza kupiga simu paipu ikipasuka. Mweka hazina ana karatasi yote, atasoma jina kwa jina, mkinuna nuneni. Kutoka kwa mfuko tumenunua pampu ndogo ya kunyonya maji na spana kubwa mbili, zinakaa kwangu, unachukua unaandika kwa kitabu unarudisha. Spana moja imepotea. Aliyenayo anajijua.

Viti vyote viko wazi kwa uchaguzi, hata changu. Kazi ya nyumbani kabla ya mkutano: tafuta koki yako ya kufungia, ifunge na uifungue uone kama inazunguka, ipake rangi nyekundu, mwonyeshe keiteka na angalau mpangaji mmoja, halafu upige picha. Picha uje nayo kwa simu. Asiye nayo ndiye atatumiminia chai, na mwaka jana tulikuwa wengi.