Barua kwa Salim: Alama za Zawadi

Umoja, Nairobi

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila maji ya mfereji ni yale yale ya kubahatisha, na Rukia anasema sufuria lake bado liko kwako. Mimi nimetumwa tu, simo.

Nina shida ya hesabu. Ndiyo, hesabu, usicheke. Zawadi aliulizwa shuleni: grafu ya y = (1/16)^x na ya kinyume chake, logi ya besi 1/16 (besi ni ile namba inayopewa kipeo), zinakatana wapi? Akaleta nukta tatu. Mwalimu akafuta mbili kwa wino mwekundu, eti grafu na kinyume chake hukatana kwenye mstari wa y = x pekee. Hebu piga mwenyewe: 1/16 kwa kipeo cha 1/2 ni 1/4, na kwa kipeo cha 1/4 ni 1/2. Basi (1/2, 1/4) na (1/4, 1/2) zimo katika grafu zote mbili, na hakuna hata moja iliyo kwenye mstari huo! Ya tatu ndiyo iliyo juu yake, karibu na 0.364.

Besi ikizidi 1, mwalimu yuko sawa, maana grafu inayopanda haiwezi kupeleka ndogo kwa kubwa kisha kubwa kwa ndogo. Chukua kipeuo cha pili cha 2: zinakatana penye 2 na penye 4, zote mstarini. Ongeza besi, nukta mbili zinasogeleana mpaka besi ifike e kwa kipeo cha 1/e (e ni ile namba ya kama 2.718), yaani kama 1.4447, hapo zinagusana tu kwenye (e, e). Ukipita hapo hazikutani kabisa, ndiyo maana 2^x na logi yake, tulizochorachora hadi tukachoka, hazikugusana hata siku moja.

Lakini grafu inayoshuka inaruhusu kubadilishana. Tena si kila mara: mpaka besi iwe chini ya e kwa kipeo cha hasi e, kama 0.066. Ukiweka 1/15 unapata nukta moja tu. 1/16 imeingia kwa kuponea chupuchupu. Na kwenye karatasi ya grafu mistari miwili inalaliana kiasi kwamba penseli haioni tofauti, sijui aliyetunga swali alikuwa na nia gani, au labda... tuyaache.

Zawadi kaambiwa asibishane. Kanuna, hata chapati hataki.

Wewe na huyo mwalimu si mlikaa bweni moja chuoni? Utampigia simu, lakini taratibu, asije akadhani tumemshtaki? Au nimwandikie mimi hizo nukta, nimpe na kikokotoo ajaribu mwenyewe? Na Kevo alipata ile kazi ya Athi River? Mbona yuko kimya hivyo?

Wako,
Juma