Barua kwa mwanangu: mjomba wako na mkate wa mofa

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Juzi uliniuliza kwa nini hatukukuita mapema mjomba wako alipokuwa mgonjwa, simu ikakatika. Mtandao haukuwa na kosa. Niliikata mwenyewe, maana jibu lake si la kutolewa huku nimesimama dukani Langoni, hapa Lamu, napimiwa sukari. Sasa nimekaa.

Mjomba wako alikataza. Alisema una mitihani, alisema Nairobi ni mbali, alisema mengi. Mimi najua hakutaka umwone alivyokwisha, yeye aliyekuwa akimbeba mtoto wa punda begani kumvusha mtaro.

Wewe ulizoea kumwona siku ya mashindano, kofia kichwani, watu wamefurika usita wa pwani. Kazi yenyewe ilikuwa alfajiri. Akitoka msikitini, maji yamepwa, humchukua punda hadi mchanga wa Shela, na wiki nzima ya kwanza hakuna kupanda, ni kutembea naye tu ubavu kwa ubavu. Halafu humpitisha gatini boti zikiunguruma, arusini penye ngoma, kwa mafundi wanaochonga mawe ya Manda, mpaka azoee. Watu husema punda mkaidi. Yeye akisema farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama afikiri, na ukimchapa wakati anafikiri umemhakikishia kwamba hatari ipo. Farasi wenyewe sijui aliwaonea wapi, lakini akipenda sana kuwalinganisha.

Unakumbuka ulivyoanguka? Maulidi yale, una miaka 12, uko mbele ya wenzako wote, punda wake Kusi akaona maji yamemwagika njiani, akasimama. Wewe hukusimama. Mjomba wako alikuja mbio, akapiga goti, akampapasa Kusi miguu yote minne, mmoja mmoja, ndipo akakugeukia wewe na damu zako. Nilimtukana mbele za watu. Akanijibu, "Dada, huyu atasema panapomuuma. Yule hasemi."

Na hilo ndilo alilowahubiria wenye punda wote wa mui huu. Punda huficha maumivu, usingoje aanguke. Akisusa chakula, mpeleke siku hiyo hiyo kliniki ya punda, maana punda asipokula mafuta ya mwili wake humwagika kwenye damu, na siku chache tu zinatosha kumuua. Kliniki ile iko pale tangu 1987 na haidai senti. Mtu akijitia ana shughuli, mjomba wako alimvua punda shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, mwenyewe akampeleka.

Sasa nikwambie nilichokiona kwa macho yangu nisikielewe. Mfungo Mosi wa mwaka jana alikuwa akija kula kwangu. Nikaona mkate wa mofa anauchovya kwenye mchuzi mpaka unalegea kabisa, ndipo anautia mdomoni. Nilipomuuliza akasema ni jino. Baadaye akaacha mofa, akataka wali. Wali nao ukawa mkavu, akataka uji. Asubuhi moja nikatoka barazani nikamkuta Kusi ameutia mdomo kiganjani mwake, makombo ya mofa yamenasa kwenye zile nywele za midomo. Mjomba wako, aliyekuwa akiwafokea wageni wanaowapa punda mkate! Nikacheka. Nikamwambia uzee umemlainisha. Naye akacheka. Kumbe ni mkate wangu uliomshinda kumeza, na hakutaka niukute sahanini.

Mwanzo alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akazinywa miezi mitatu. Kisha ndiyo ile safari, boti hadi Mokowe, basi hadi Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, amekumbatia kikopo cha kutemea, kwa kuwa hata mate hayakuwa yakishuka tena. Wakamtia kamera kooni, wakakata kinyama kwenda kupima. Majibu yakachukua wiki tano, kwa sababu karatasi ilipelekwa wodi nyingine ikalala huko. Hilo nimelisamehe nusu. Saratani ya umio, na ilikwisha kufika ini. Upasuaji haukuwa na maana tena, daktari alitueleza bila kuzunguka, na kwa hilo namshukuru. Walimwekea kijibomba cha waya kuifungua njia. Siku ile alikunywa supu bakuli zima, akaniomba la pili. Baada ya hapo ni mofini ya maji, kwa kipimo, na mimi nikiangalia saa.

Alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri, tukamzika alasiri. Siku ile mtaani kwetu hakuna punda aliyetiwa shogi. Mchanga wa watu ulikaa pwani mpaka Ijumaa jioni, na wenye mchanga hawakusema kitu.

Kusi, mjomba wako amekuachia wewe. Alisema mbele ya mashahidi wawili. Shehe anasema wasia unapita, kwa kuwa wewe si mrithi wake na punda mmoja hazidi thuluthi ya alichoacha, na wanawe wameridhia. Usiniandikie haraka haraka kwamba utamuuza. Punda akitunzwa hufika hata miaka 30, huyu bado ana kazi mbele yake. Yuko kijana wa jirani anayetaka kumpanda kwenye mashindano ya Maulidi, Mfungo Sita. Nimemwambia angoje mwenyewe aje, na kwa sasa anatembea naye tu, alfajiri, Shela.

Njoo umwone. Zile siku za kwanza alikuwa akisimama mlangoni mwa mjomba wako, hatoki mpaka avutwe. Lakini anakula. Hilo naliangalia kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Ukija, usimletee mkate.

Mamako